Wuthering Heights kwenye mizani: barua za wasomaji na majibu

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu riwaya moja tu, Wuthering Heights ya Emily Brontë, iliyochapishwa London mwezi Desemba 1847 kwa jina la kubuni, Ellis Bell. Kwa ambaye hajaisoma: mzee Earnshaw anamwokota mtoto asiye na kwao katika mitaa ya Liverpool, anampa jina la Heathcliff na kumlea katika nyumba yake ya shamba, Wuthering Heights, huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Heathcliff na Catherine, binti wa nyumba hiyo, wanapendana tangu utotoni. Catherine anaolewa na jirani tajiri, Edgar Linton wa Thrushcross Grange. Heathcliff anatoweka miaka 3, anarudi na fedha, na kuanza kulipiza kisasi kwa familia zote mbili mpaka kizazi cha pili. Majibu yetu yanafichua kisa chote, hata mwisho wake.

SWALI: Ndugu Mhariri, chama chetu cha kusoma vitabu kimegawanyika. Nusu wanasema haya ndiyo mapenzi ya kweli, nusu wanasema Heathcliff ni mnyanyasaji na kitabu kinampamba. Tuipime vipi riwaya ya mapenzi ya giza bila kuishia kwenye ugomvi?
Katibu wa chama cha wasomaji, Morogoro

JIBU: Ugomvi wenu unatokana na kumweka Heathcliff kizimbani wakati kinachopaswa kupimwa ni kitabu. Ubaya wa mhusika hauhesabiwi kuwa dosari ya riwaya. Anayefungua riwaya ya aina hii anajua mapema kwamba mpenzi atakuwa mtu wa hatari. Linalopaswa kuulizwa ni kama mwandishi anasema kweli kuhusu madhara ya hatari hiyo. Angalieni mambo matatu: anayeumizwa anapewa sauti yake? Anayemtetea mwenye kuumiza ni nani, na tuna sababu ya kumwamini? Gharama ya ukatili inaonekana kwa kurasa ngapi baada ya tendo lenyewe?

Chukueni Isabella, dada yake Edgar, anayetoroka kwenda kuolewa na Heathcliff. Sura ya 12, usiku ule wa kutoroka, mtumishi Nelly anamkuta mbwa mdogo wa Isabella amening'inizwa kwa leso kwenye ndoano, karibu anakata roho. Sura ya 13 karibu yote ni barua ya Isabella mwenyewe, akiuliza kama aliyemwoa ni binadamu, na kama ni binadamu, ana wazimu? Kama hana wazimu, ni shetani? Sura ya 14 Heathcliff anasema mbele ya mkewe kwamba mwanamke huyu aliacha kwao kwa kujidanganya kuwa yeye ni shujaa wa hadithi za mapenzi. Hapo Brontë amemjibu kabla ya wakati kila msomaji atakayemtamani Heathcliff: Heathcliff mwenyewe anawacheka wanaomwona hivyo. Kisha sura ya 17 Isabella anakimbia kwenye theluji, ana jeraha chini ya sikio kutokana na kisu alichorushiwa, anahamia kusini karibu na London, anajifungua na kumlea mwanawe peke yake hadi anapofariki. Kwa hiyo aliyeumizwa amesema, ameondoka, na maisha yake baada ya kuondoka yanatajwa. Riwaya nyingi za aina hii zinazotoka siku hizi hazifanyi hata moja kati ya hayo matatu, na kwetu hii ndiyo nguvu kubwa kuliko zote za kitabu hiki.

Wanaoitetea kama hadithi ya mapenzi hutegemea sura ya 9, pale Catherine anapomwambia Nelly kwamba yeye ndiye Heathcliff, kwamba nafsi zao ni kitu kimoja. Maneno hayo ni mazuri kweli. Lakini katika mazungumzo hayohayo Catherine amesema kuolewa na Heathcliff kungemshusha hadhi. Heathcliff, aliyekuwa amejibanza nyuma ya benchi, anasikia sehemu hiyo tu na kuondoka kabla ya kusikia kwamba anapendwa. Someni pia mkutano wao wa mwisho, sura ya 15. Catherine ni mgonjwa; Heathcliff anapomwachia mkono, alama nne za bluu zimebaki kwenye ngozi yake. Na Catherine naye amebaki na nywele za Heathcliff kwenye vidole. Upendo upo, na mwandishi haufichi. Ila hakuna mahali unapozaa jambo jema.

Upande wa pili wa mizani kuna mwisho wa kitabu, na hapa wapinzani wa Heathcliff wana hoja nzito. Sura ya 34 anasema wazi kwamba hajutii chochote. Kisasi anakiacha kwa kuwa hamu imemwisha, bila kumwomba radhi mtu yeyote. Anakufa alivyotaka, anazikwa kando ya Catherine alivyotaka, na watu wa kijijini wanasimulia kuwa wamewaona wawili hao wakitembea pamoja. Hareton, kijana aliyenyang'anywa urithi na elimu na Heathcliff mwenyewe, ndiye anayemlilia kuliko wote. Hukumu yetu: kwa kurasa zaidi ya mia tatu riwaya haimpambi Heathcliff hata kidogo, kisha katika kurasa chache za mwisho inampa zawadi ambayo hakuitolea jasho. Hiyo ni dosari, na inafaa itajwe hivyo hata na anayekipenda kitabu.

Kwa kikao chenu kijacho, wanaompenda Heathcliff wasome kwa sauti sura ya 13 na ya 27. Wanaomchukia wasome sura ya 4 hadi ya 7, jinsi Hindley, kaka yake Catherine, alivyomchapa na kumshusha kuwa kibarua baada ya mzee kufa. Mjadala uanze baada ya pande zote mbili kumaliza kusoma.

SWALI: Nimeianza mara kadhaa nikaishia sura ya 4. Catherine ni wangapi? Linton ni jina la mtu au la ukoo? Halafu kuna yule mzee Joseph ambaye simwelewi kabisa. Je, tatizo ni langu au la kitabu?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Sehemu kubwa ni ya kitabu. Kuna Catherine mama na Catherine binti. Kuna Linton jina la ukoo, na Linton mtoto wa Heathcliff na Isabella. Heathcliff ni jina lake la kwanza na pia ndilo analolitumia kama la ukoo. Kurudiarudia huku kuna maana, kwa sababu kizazi cha pili kinapewa nafasi ya kurudia makosa ya kwanza au kuyarekebisha, lakini katika sura za mwanzo kunamchosha msomaji bila faida yoyote.

Dawa yake ni karatasi moja. Chora nguzo mbili. Ya kushoto, Earnshaw wa Wuthering Heights: Hindley na Catherine, na chini ya Hindley mwanawe Hareton. Ya kulia, Linton wa Thrushcross Grange: Edgar na Isabella. Heathcliff mweke katikati, peke yake. Unganisha Catherine na Edgar, chini yao andika Cathy, aliyezaliwa Machi 1784 saa chache kabla ya mama yake kufa. Unganisha Heathcliff na Isabella, chini yao andika Linton, aliyezaliwa mwaka huohuo, mwezi Septemba. Umemaliza, hao ndio watu wote wa muhimu, pamoja na wasimulizi wawili, Lockwood na Nelly.

Kuhusu wakati, kitabu kinaanza mwaka 1801 kwa mpangaji Lockwood, kisha kinarudi nyuma takriban miaka 30. Andika pembeni ya karatasi yako: 1771 Heathcliff anafika, 1777 mzee Earnshaw anafariki, 1780 Heathcliff anatoweka, 1783 anarudi, 1784 Catherine anafariki, 1801 Edgar anafariki, 1802 Heathcliff anafariki. Mwaka 1926 mwanasheria C. P. Sanger alionyesha kwamba tarehe za riwaya hii zinakubaliana karibu zote, pamoja na umri wa watu na hata misimu. Kwa hiyo ukipotea, usidhani mwandishi naye amepotea.

Joseph, mtumishi mzee wa Wuthering Heights, anazungumza lahaja ya Yorkshire ilivyotamkwa. Baada ya Emily kufa mwezi Desemba 1848, dada yake Charlotte alisimamia toleo jipya la mwaka 1850 na kulainisha tahajia ya maneno ya Joseph ili watu wa mikoa mingine waelewe. Kujua unalo toleo lipi, fungua sura ya 2, pale Joseph anapomwambia Lockwood bwana yuko wapi: ukiona "dahn" ni maandishi ya 1847, ukiona "down" ni ya 1850. Kwa usomaji wa mara ya kwanza chukua la pili. Na ukikwama kwenye hotuba zake, ruka. Karibu kila mara Joseph analaani jambo au kutabiri moto wa jehanamu, na kisa hakipungukiwi.

Jambo moja zaidi. Baadhi ya matoleo yanafuata mgawanyo wa kwanza wa juzuu mbili, sura 14 na kisha sura 20, kila juzuu ikianza kuhesabu upya. Ukiwa na toleo hilo, sura tunayoiita ya 16 kwako ni sura ya 2 ya juzuu la pili.

SWALI: Nimetazama filamu yake ya zamani. Nisome kitabu pia?
Mtazamaji, Mombasa

JIBU: Soma. Filamu ya mwaka 1939 ilifuata kisa hadi kifo cha Catherine tu, ikaacha kizazi cha pili chote. Katika kitabu Catherine anafariki sura ya 16 kati ya 34, kwa hiyo umeona nusu, tena ile nusu inayomfanya Heathcliff aonekane mpenzi mwenye bahati mbaya. Anayoyafanya kwa watoto hayamo. Filamu ya 1992 ilikileta kizazi cha pili, lakini kwa haraka.

SWALI: Mimi tatizo langu ni Nelly Dean. Anasimulia kila kitu, anajua kila kitu, anahukumu kila mtu. Kwa nini mwandishi hakutuachia Catherine asimulie mwenyewe?
Mwanafunzi wa fasihi, Dar es Salaam

JIBU: Angesimulia Catherine, tungezama naye. Riwaya za mapenzi ya giza za leo hupenda nafsi ya kwanza ya mwanamke aliyetekwa na mapenzi, na ubaya wa njia hiyo ni kwamba msomaji hana pa kusimama nje ya hisia zake. Brontë aliweka kuta mbili: Lockwood, mgeni wa mjini asiyeelewa kitu, anaandika alichosimuliwa na Nelly, mtumishi wa makamo ambaye hakuvutiwa na Heathcliff hata siku moja. Tunayaona mapenzi makali kupitia macho ya mtu anayefikiria chakula cha jioni na mtoto mwenye homa.

Ila usimchukulie Nelly kama hakimu. Mfuatilie kwa penseli, uweke alama kila anapoficha au kuchelewesha habari. Sura ya 9 anamwona Heathcliff akiondoka, lakini anamwacha Catherine aendelee kusema mpaka mwisho ndipo amwambie. Sura ya 12 Catherine amejifungia siku tatu bila kula, na Nelly hamwambii Edgar hali ilivyo kwa kudhani ni maigizo. Sura ya 14 anakubali kupeleka barua ya Heathcliff kwa siri. Sura ya 21 anazichoma barua za Cathy bila baba yake kujua. Kila uamuzi una sababu inayoeleweka, na kila uamuzi unasogeza maafa karibu. Yeye anasimulia haya yote kama mtu aliyetenda wajibu wake. Msomaji makini anasoma hadithi mbili kwa wakati mmoja: anayosimulia Nelly, na ile inayomhusu Nelly.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba hotuba ndefu za miaka ishirini iliyopita zinarudiwa neno kwa neno. Hilo tunalikubali kama desturi ya riwaya za karne ya 19. Zito zaidi ni yale mambo ambayo Nelly hawezi kuyaona. Pale anapokosekana, mwandishi analazimika kuleta barua (ya Isabella) au mtumishi mwingine wa kumsimulia Nelly, na tunakuwa na hadithi ndani ya hadithi ndani ya hadithi. Mshono unaonekana.

SWALI: Nisaidieni mambo mawili. Heathcliff alipata wapi fedha? Na mbona kila mtu anakufa pale anapohitajika kufa?
Msomaji, Kigoma

JIBU: La kwanza ni dosari halisi. Kati ya 1780 na 1783 Heathcliff kijana asiye na senti anakuwa bwana mwenye fedha na mwendo wa kiungwana. Nelly anakisia tu kwamba labda alikuwa jeshini, kwa vile anasimama wima. Fumbo hilo linampa Heathcliff mvuto, lakini fedha hizo ndizo zinazobeba nusu ya pili ya kisa. Kisasi kinachotegemea rehani kinahitaji chanzo cha mtaji, na mwandishi hakutupa.

La pili tunalitetea. Ni kweli wanafariki watu 11, wengi kwa homa na kifua. Lakini Emily aliishi Haworth, kijiji cha Yorkshire ambacho ripoti ya ukaguzi wa afya ya mwaka 1850 ilikuta wastani wa umri wa kufa ni chini ya miaka 26, na zaidi ya asilimia 40 ya watu walikufa kabla ya kutimiza miaka 6. Maji ya kunywa yalikuwa machafu. Yeye mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu akiwa na miaka 30. Vifo hivi vingekuwa uvivu wa mwandishi katika riwaya ya mjini ya leo. Katika mahali na wakati ule ni maisha ya kawaida.

Dosari ambayo barua nyingi hazikuitaja ni Linton, mtoto wa Heathcliff. Tangu anapotokea anaugua, analia, analalamika, na habadiliki. Yeye ni mhusika bapa kati ya wahusika waliokamilika. Sura ya 21 hadi ya 26 zinazunguka mle mle: Cathy anamtembelea, Linton ananung'unika, Cathy anarudi nyumbani amejaa huzuni. Hapo ndipo wasomaji wengi hukitupa kitabu. Ushauri wetu ni kusoma sura hizo kwa kikao kimoja, bila kulala katikati, kwa sababu sura ya 27 inaulipa uvumilivu huo.

SWALI: Mimi ni karani wa mahakama na sikuelewa jinsi mtu mmoja alivyochukua mashamba ya familia mbili kihalali. Je, mwandishi alijua sheria?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Alijua, na hili ndilo eneo ambalo wahakiki wa mapenzi hulipita haraka kupita kiasi. Ukatili wa Heathcliff una makaratasi.

Wuthering Heights alilipata kwa rehani. Hindley, mrithi halali, alizama kwenye pombe na kamari baada ya kufiwa na mkewe Frances. Heathcliff aliporudi alihamia kwake, akacheza naye karata, akamkopesha, na Hindley akaweka ardhi rehani kipande kwa kipande hadi ikaisha. Alipofariki mwaka 1784 mwenye rehani alikuwa Heathcliff. Hareton mtoto akabaki kibarua bila mshahara katika nyumba ya baba yake.

Thrushcross Grange lilihitaji hila zaidi. Baba yake Edgar alikuwa ameweka utaratibu kwamba Edgar asipopata mtoto wa kiume, ardhi ipite kwa Isabella na wanawe. Edgar alipata binti tu. Kwa hiyo Linton, mwana wa Isabella, ndiye aliyekuwa mbele ya Cathy kwenye mstari wa kurithi. Ndoa ya Heathcliff na Isabella, ambayo wasomaji huiona kama ukatili wa hasira, ilikuwa pia hesabu.

Sasa tazama sura ya 27 kwa jicho la karani. Edgar yuko kitandani anakufa. Linton naye anakufa polepole. Heathcliff anamfungia Cathy ndani, anampiga makofi, na kukataa kumwachia mpaka aolewe na Linton. Nelly naye anafungiwa siku tano. Kwa nini haraka? Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mali inayohamishika ya mke ilikuwa ya mume pindi ndoa inapofungwa. Sheria kamili ya kumpa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake ilikuja mwaka 1882. Linton akishakuwa mume, anaweza kuandika wasia wa kumwachia baba yake kila kitu kinachohamishika, na ndivyo alivyofanya. Ardhi hakuweza kuigusa katika wasia kwa kuwa hakuwa ametimiza umri wa mtu mzima, lakini Heathcliff aliidai kwa haki ya marehemu mkewe na ya kwake, na Cathy hakuwa na fedha wala marafiki wa kumpinga. Edgar alijaribu kumwita wakili ili mali ya binti yake iwekwe mikononi mwa wadhamini. Wakili alikuwa ameshanunuliwa na Heathcliff, akafika baada ya kifo.

Sanger, tuliyemtaja juu, alizichambua pia sheria hizi na kuona kwamba mwandishi alizifahamu vizuri. Kwa mizani ya riwaya ya giza hii ni nguvu ya pekee: tunaelewa hasa kwa nini wanawake hawa hawawezi kuondoka. Mlango umefungwa kwa ufunguo, na nyuma ya ufunguo ipo sheria.

SWALI: Ninaandika riwaya ya mapenzi ya giza, naitoa sura kwa sura mtandaoni. Wasomaji wanataka shujaa mkatili, tajiri, asiyeomba radhi. Nichukue nini kwa Brontë, niache nini?
Mwandishi chipukizi, Tanga

JIBU: Kwanza, kabla ya kuandika kila tukio la wawili hao, jibu kwenye daftari: nani ana ufunguo, nani ana fedha, nani ana simu, nani anaweza kutoka chumbani sasa hivi? Kama jibu ni "yeye" mara nne, usiandike tukio hilo kama mahaba. Liandike kama utekaji, na umwache msomaji aone.

Mpe anayeumia sauti yake mapema. Brontë alimpa Isabella karibu sura nzima kabla kitabu hakijafika nusu. Ukisubiri hadi mwisho, wasomaji watakuwa wameshazoea kumtetea shujaa.

Kila jeraha lionekane tena. Ukiandika kofi sura ya 5, sura ya 6 shavu liwe limevimba na mtu wa tatu aulize. Waandishi wengi hukosea hapa: tukio linaisha kwa machozi, sura inayofuata wako hotelini wanacheka. Msomaji anafundishwa kwamba kofi halina uzito.

Utoto wa mateso utumie kueleza, usiutumie kufuta deni. Tunamhurumia Heathcliff mtoto, lakini Isabella hakumkosea lolote, na riwaya haijaribu hata mara moja kutushawishi kwamba alistahili. Na utajiri wa shujaa wako upe chanzo kinachoeleweka. Usirudie lile pengo la miaka mitatu.

Ukitaka abadilike, badiliko liwe la matendo yanayomgharimu. Kwa hili jifunze kwa Cathy na Hareton. Cathy alikuwa akimcheka Hareton kwa kutojua kusoma. Sura ya 32 anafunga kitabu kwenye karatasi nyeupe na utepe, anamwandikia jina lake kamili, anamtumia kupitia Nelly, na kuahidi kumfundisha akikubali. Sura ya 33 wanang'oa miti ya matunda ya Joseph ili kupanda maua, na Hareton anajitokeza mbele ya Heathcliff kukiri kwamba ni yeye aliyeing'oa. Hakuna hotuba ndefu ya msamaha. Lililoharibiwa, yaani heshima yake ya kujua kusoma, ndilo hasa linalotengenezwa. Pima shujaa wako kwa kipimo hicho: ameharibu nini, na je anatengeneza kitu hichohicho, au ananunua gari?

Mwisho, weka onyo kabla ya sura ya kwanza, kwa maneno ya wazi na mafupi: utekaji, kipigo, ndoa ya kulazimishwa, ukatili kwa mnyama, kifo cha mzazi. Usiandike "mambo mazito". Msomaji aliyepitia jambo fulani anahitaji kulijua kwa jina lake. Wahusika wote wa mahaba wawe watu wazima, bila ubishi.

SWALI: Binti yangu ana miaka 16 na ameletewa kitabu hiki na shangazi yake. Nimruhusu?
Mama, Zanzibar

JIBU: Mruhusu, mama, na usome naye angalau sura ya 13, 14, 17 na 27. Hakuna tukio la kitandani ndani ya kitabu chote; hata ujauzito wa Catherine karibu hautajwi hadi anapojifungua. Kilichomo ni kipigo, matusi, ulevi, kufungiwa na mbwa anayeteswa. Sura ya 3 ina ndoto ya mtoto aliyekatwa mkono na kioo kilichovunjika dirishani, na hiyo inaweza kumtia hofu usiku. Muulize swali moja baada ya sura ya 14: Heathcliff anasema Isabella alijidanganya kwa kitu gani? Jibu lake litakuonyesha kama amemwona Heathcliff alivyo.

SWALI: Nimepewa kazi ya kuandika uhakiki wa maneno 800 wenye kuonyesha ubora na udhaifu wa riwaya hii. Nigawe vipi?
Mwanafunzi wa stashahada ya ualimu, Bukoba

JIBU: Muhtasari usizidi maneno 120, wengi huutumia nusu ya nafasi. Chagua nguvu mbili na dosari mbili tu. Dosari zipe takriban maneno 250, nguvu 300, kwa kuwa kitabu hiki kina nguvu zaidi na uhakiki wa haki hauhitaji kugawa sawa kwa sawa. Kila dai liwe na namba ya sura na tendo moja mahsusi. "Heathcliff ni mkatili" ni dai tupu. "Sura ya 17 anamrushia mkewe kisu cha mezani" ni ushahidi.

Yanayobaki, kama maneno 130, tumia kwa hukumu. Ukipenda, anza hukumu hiyo na Charlotte, ambaye katika dibaji yake ya 1850 alijiuliza kama ni sahihi kuumba kiumbe kama Heathcliff, akasema hadhani hivyo. Kisha useme unakubaliana naye au unampinga, na kwa sura zipi. Usinukuu maneno ya sura ya 9 bila kutaja kwamba Heathcliff alikuwa ameshaondoka yalipotamkwa. Msahihishaji aliyekisoma kitabu ataangalia hapo kwanza.